Si Kila Mti wa Maua ya Njano ni Mjohoro

Msomaji ametuma picha ya mti uliofunikwa na maua ya njano pembeni mwa msitu, akauliza: "Huu si mjohoro?" Sio. Ni Senna spectabilis, mti wa Amerika ya tropiki ulioletwa kwetu kwa kivuli, kuni na urembo. Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ulipandwa kama pambo kabla eneo halijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, kisha ukavamia msitu wa sokwe.

Ua lisikudanganye. Miti ya jenasi ya Senna, mjohoro ukiwemo, karibu yote ina petali tano za njano, kwa hiyo picha ya ua peke yake huipotosha hata programu ya simu ya kutambua mimea. Inama, okota ganda. La mti huu ni la mviringo, jembamba, jeusi likikauka, sentimita 20 hadi 30, nalo huning'inia. Livunje: ndani kuna vyumba vilivyopangwa kama sarafu, kila kimoja na mbegu yake. Ganda la mjohoro ni bapa, la kahawia. Hapo ubishi umekwisha.

Kama hakuna ganda, chuma jani zima, si kijani kimoja (jani dogo kati ya mengi yanayounda jani zima). Utahesabu jozi 10 hadi 15 za vijani vilivyochongoka nchani, chini vina vinyweleo laini. Vya mjohoro vina ncha butu. Ukiona vitezi vidogo vilivyosimama katikati ya jozi za vijani, acha panga: hiyo huenda ni Senna singueana, mti wetu wa asili na dawa ya wengi. Makosa ya hapa ndiyo yanayouma, maana anayekatwa ni mwenyeji.

Hata ukishautambua, usiukate tu. Kisiki huchipua mashina mengi, na ulipokuwa na mti mmoja unabaki na kichaka. Bandua gome kuzunguka shina lote, ukanda mpana, ukikwaruza mpaka mbao nyeupe. Ukiacha hata uzi wa gome la ndani, jeraha litaunga. Miche ing'oe na mizizi wakati wa mvua, udongo ukiwa laini. Na anayeishi jirani na msitu asiupande kabisa, hata akipewa mche bure.

Ukichukua matawi yake kwa kuni, pukutisha maganda papo hapo kabla ya kufunga mzigo.