Dada uliyeuliza kama sadaka ya kutoa kwa uoga ni ibada, soma hapa

Dada, swali lako la jana nimelala nalo nikaamka nalo. Umesema unafanya kibarua Changamwe, kila mwezi unatoa fungu la kumi lakini unatoka kanisani roho nzito, manake umeambiwa usipotoa ni laana na ukitoa itarudi mara mia, na sasa miezi minane hujaona kitu. Tena ukasema, na hili ndilo liliniuma zaidi, mamako huko Taita ni mjane, ana presha na mwezi uliopita hukumtumia za dawa sababu ulikua ushazipeleka kanisani. Sasa unauliza hiyo ni ibada ama unalipa deni. Wengine washakutupia Malaki 3:10, ile ya leteni zaka kamili ghalani, wakaondoka, wengine wamekwambia uachane na makanisa yote. Mimi ntakujibu kwa yale nshapitia, univumilie ni marefu.

Nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Mshomoroni, Mombasa. Mwaka wa 2016 mume wangu aliachishwa kazi, tukawa tunakula kwa hilo karai pekee. Kanisa nililokua nasali wakati huo sitolitaja, alikuja mhubiri mgeni akaita sadaka ya mbegu, yaani unapanda pesa ili uvune baraka, akaanza na wa elfu hamsini wasimame mbele, akashuka ishirini, kumi, mpaka akafika tano, na kila kiwango kina baraka yake. Kwa simu nilikua na elfu nane za kodi ya nyumba. Nikazituma kwa M-Pesa pale pale nimesimama, vidole vinatetemeka mpaka nikakosea namba ya siri mara ya kwanza. Nakwambia ukweli dada, pale sikua namuabudu Mungu, nilikua nanunua kazi ya mume wangu. Na sikumwambia, akaja kujua siku mwenye nyumba alipopiga kufuli mlango. Tukalala kwa shemeji yangu Likoni wiki tatu, saa kumi alfajiri niko kwa feri na ndoo ya mbaazi, navuka nalia.

Baada ya hapo karibu miaka miwili sikutoa hata shilingi. Kapu likipita naangalia chini. Nilikua namkasirikia Mungu kama mtu aliyenila pesa, na hiyo hasira ndiyo ilinionyesha baadaye kwamba tangu mwanzo nilimuweka kama mfanyabiashara mwenzangu.

Kilichonirudisha ni mayai. Nilikua nishahamia kanisa lengine, si mbali na Kengeleni, ikafika Jumapili ya mavuno, ile watu wanaleta nazi, mihogo, kuku, mafungu ya mchicha halafu baada ya ibada kunapigwa mnada. Mbele yangu kwa foleni kulikua na bibi mmoja ametoka pande za Rabai. Akafika mezani akafungua pindo la leso, akatoa mayai manne, kila yai amelifunga na jani kavu la mgomba. Akayapanga moja moja pole pole, na kila akiweka moja anasema asante Bwana. Hakuna lengine alilosema. Nje nikamfuata nikamuuliza, bibi ulikua unaombea nini? Akanambia, "Sikuomba, mwanangu, leo nimekuja kushukuru. Kuku wangu wote walikufa na kideri, akabaki mmoja, na huyo mmoja ametaga." Basi. Yale mayai kwa mnada yalinunuliwa yakarudishwa yakanunuliwa tena sijui mara ngapi, lakini yeye wala hakungoja kuona, alikua ashaenda kutafuta matatu.

Nilirudi nyumbani nikachukua Biblia nikaanza kutafuta mwenyewe badala ya kusomewa. Kutoka 35, Musa anataka vitu vya kujenga hema ya kukutania, neno linalorudi ni moyo wa kupenda, yeyote ambaye moyo wake umempa kutoa. Na sura inayofuata watu wameleta mpaka vimezidi, ikabidi Musa atangaze kambini wasilete tena. Yaani walizuiwa! Halafu Walawi, mwanamke aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo, lakini kama hana uwezo alete hua wawili ama makinda mawili ya njiwa, na ukienda Luka 2 utakuta hiyo ya ndege ndiyo waliyotoa Mariamu na Yusufu. Mungu hakumdai maskini asichokua nacho, na mwanawe mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya hiyo sadaka ndogo. Kwa Paulo ndio nilisoma nikafunga kitabu kwanza, 2 Wakorintho 9:7, kila mtu alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Ile huzuni yako ya kila mwezi imetajwa hapo.

Na hiyo laana usiibebe, soma Wagalatia 3:13. Kristo alishaibeba. Hapo Kengeleni pale, Freretown, wamishonari walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa mwaka wa 1875, na kila nikipita kwenye ile kengele yao ya zamani nawaza, mtumwa ukichukua jasho lake huwezi sema amekupa zawadi. Ni yule aliyeachiliwa ndiye anaweza kuleta nazi yake akasema hii nimekupa.

Kuhusu mama sasa. Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokua wanasema mali hii ni korbani, yaani nimemtolea Mungu, halafu wanawanyima baba na mama. Aliwaambia mnalitangua neno la Mungu. Sidhani we ulifanya kwa ubaya dada, ulifanya kwa kuogopa, lakini aliyekuogopesha hivyo alikusomea Malaki akakuficha Marko. Hata hilo fungu la kumi lenyewe, Kumbukumbu la Torati 14, la kila mwaka wa tatu lilikua linawekwa malangoni ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane! Na mamako umesema ni mjane.

Lakini usije ukasema basi ntakua natoa siku nikiskia raha, hapo pia nilipita nikapotea. Daudi alipopewa bure uwanja wa kupuria wa Arauna na ng'ombe juu yake alikataa, akanunua kwa shekeli hamsini za fedha, akasema hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu. Kwa hivyo itagharimu, sema tu iwe umeamua wewe, na uamue mapema. 1 Wakorintho 16 Paulo anasema kila mtu aweke akiba kwake nyumbani kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili isianze kuchangishwa atakapofika.

Mimi nafanya Jumamosi usiku. Karai likishaoshwa namwaga pesa za wiki mezani, natoa za unga, mafuta, makaa, mbaazi, nazi, naweka ya kodi, zilizobaki natoa fungu langu natia kwa kopo la majani ya chai na hapo nataja kwa sauti vitu vya hiyo wiki. Asante mtoto aliamka bila homa. Asante yule wa tuktuk amelipa deni. Kuna wiki inaingia mia tatu, kuna wiki ni hamsini, na mume wangu anajua ni ngapi. Hapo mezani ndipo nimeanza kuskia ninaabudu, Jumapili nikienda napeleka tu. Akisimama mtu akaitisha ya elfu tano nakaa kwa kiti changu na amani, manake mazungumzo yangu na Mungu wangu yaliisha jana usiku.

Wiki hii tuma za dawa kwanza. Usizitume na kuomba msamaha kwa Mungu, zitume ukimshukuru kwamba mama bado yuko wa kutumiwa. Kitakachobaki, hata kama ni hamsini, kiweke kando Jumamosi. Na ukipata siku ya mapumziko vuka uje Mshomoroni tuongee, mi niko barazani mpaka saa tatu, mahamri yakiisha hua nakaa tu.