Kwa nini kikapu kisiwe chuma kizima?

SWALI: Habari ya kazi mtaalamu. Mi fundi umeme huku Nkuhungu, Dodoma. Mdogo wangu yuko chuo, kanionesha picha ya fuza, tufe la chuma limenyonywa hewa na katikati kuna kikapu cha waya kinawaka zambarau, eti viini vya atomu vinaungana mle. Gesi si haipitishi umeme, sasa inawakaje? Na kwa nini wasiweke chuma kizima? Anataka tuanze na transfoma ya maikrowevu.

JIBU: Nzuri fundi. Gesi haikosi elektroni mbili tatu zinazozurura, ukiweka volti zinavutwa, zinagonga atomu zinang'oa elektroni nyingine, nazo zinagonga, mpaka umeme unapita. Ila presha ndo kila kitu. Kimbia mnadani Msalato Jumamosi, hujashika kasi ushamgonga mtu, gesi ikiwa nyingi ndo hivyo, elektroni inagonga kabla haijapata nguvu. Nenda siku isiyo ya mnada, unakimbia uwanja mzima huna wa kumgonga. Paschen wa Ujerumani alionesha 1889 kwamba kinachoamua ni presha mara umbali wa elektrodi.

Sasa kikapu. Farnsworth, Mmarekani yule wa televisheni, ndo alianzisha hii kitu. Kikapu kinapewa hasi ya maelfu ya volti, ioni (atomu zilizong'olewa elektroni) za diuteriamu, yaani haidrojeni nzito, zinavutwa, zinapita kwenye matundu, zinatokea upande wa pili, zinageuka zinarudi, na kwenye hiyo nenda rudi mbili zikivaana kwa kasi zinaweza kuungana zikatoa nyutroni. Chuma kizima kingezimeza zote safari ya kwanza! Hata waya mwembamba unazila, unaiva mwekundu, ndo maana wengi wanatumia tungsteni inayoyeyuka nyuzi joto 3,422 za Selsiasi, na hasara hiyo ni sababu mojawapo fuza haijawahi kurudisha umeme inaoula.

Chukua tyubulaiti iliyokufa uangalie ncha zake, ule weusi ni mabaki ya elektrodi yenyewe yaliyobanduka yakaganda kwenye kioo. Kikapu nacho kinaliwa hivyo hivyo.

Transfoma ya maikrowevu hapana kabisa, inatoa kama volti 2,000 na ampea za kuua, haikupi nafasi ya pili. Na fuza yenyewe ikifika makumi ya maelfu ya volti inatoa eksirei. Akitaka kuona plazma, yaani gesi iliyong'olewa elektroni inayowaka, we toa kifuniko cha stata ya tyubulaiti ukiwa umezima, irudishe, washa bila kuigusa, mwambie akitazame kile kichupa: kinawaka kidogo kabla vibati vya ndani havijagusana.