Boila inakula presha kila siku mbili: mkuu acha kwanza kuongeza maji, soma yaliyonikuta

Mkuu nimekusoma. Rejeta zote za ukutani (zile zinazopasha vyumba kwa maji ya moto ya boila) zimepoa, boila inawasha taa nyekundu, sindano ya presha imelala sifuri, ukiongeza maji inawaka freshi siku mbili tatu halafu nyumba inakuwa friji tena. Hiyo hadithi naijua vizuri maana mie niliishi nayo karibu mwezi mzima katikati ya baridi, na kwa ubishi wangu niliigeuza shida ndogo ikawa kubwa. Mimi sio fundi, nakwambia ya kwangu tu.

Ila kwa wengine ambao boila zao zimezima tu ghafla na presha iko poa, anzeni na vitu vya kijinga jamani. Kuna siku nimeshinda ndani na makoti mawili namlaumu fundi wa watu kumbe ni betri za thermostati ya ukutani (kile kifaa cha kuseti joto la nyumba) zimekufa. Angalia fyuzi, angalia taima (umeme ukikatika saa yake inaweza kuvurugika, yenyewe inajua ni usiku wa manane kumbe nyie mmekaa sebuleni mnatetemeka), washa jiko uone kama gesi ipo. Na hizi boila za kisasa zina kibomba cha plastiki kinachotoa maji ya mvuke nje, baridi ikishuka chini ya sifuri yale maji yanaganda humo humo, boila inakoroma kidogo kisha inajizima. Hapo mwagia kibomba maji ya vuguvugu taratibu mpaka barafu iachie, sio maji yanayochemka utapasua bomba, halafu bonyeza riseti. Riseti yenyewe mara moja au mbili inatosha, ikigoma iache, haijizimi kwa kukukomoa.

Haya turudi kwako. Presha ya kawaida mfumo ukiwa umepoa ni kati ya bar 1 na 1.5, ukipata moto inapanda kidogo, kwenye 2 hivi, basi. Ikifika 3 kuna valvu ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje ili mabomba yasipasuke. Yangu ilikuwa inashuka, naongeza maji, mwanzoni mara moja kwa wiki, baadae siku mbili, mwishoni nikawa naamka asubuhi kabla hata ya kunawa uso naenda kufungua valvu ya kujazia. Nikaamini kuna bomba linavuja chini ya sakafu. Nimefunga tishu kila kiungo cha rejeta, nimekunja zulia, nimelala kifudifudi na tochi kama mwizi, tishu zote kavu!

Aliyegundua ni mama watoto. Aliniuliza mbona pale nje ukutani chini ya kile kibomba cha shaba panalowa kila siku, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kuwa ni mvua, akaniangalia tu maana mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Nikaenda nikafunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa kile kibomba, asubuhi mfuko umejaa maji. Kumbe maji hayavuji popote, yanatemwa nje na ile valvu ya usalama.

Ndo nikaanza kuisoma geji, yani ile saa ya presha yenye sindano, kwa akili, nikawa napiga picha na simu. Asubuhi kabla haijawaka bar 1.2, baada ya nusu saa ya moto 2.6, inaendelea mpaka inagusa 3, inamwaga, usiku ikipoa inaanguka mpaka 0.3 na boila inagoma. Ukiona mwendo huo, yani inapanda sana ikiwa na moto halafu inadondoka ikipoa, mtuhumiwa wa kwanza ni tangi la presha, lile la mviringo, mara nyingi jekundu, ndani lina mpira unaotenganisha hewa na maji. Maji yakipata moto yanatanuka, kwenye lita 100 unapata karibu lita 3 za ziada, na hizo zinatakiwa ziminye hewa ya kwenye tangi. Hewa ikiisha hazina pa kwenda. (Hakikisha pia valvu za kujazia umezifunga kabisa, maana zikibaki zinapitisha maji kidogo kidogo presha itapanda hivyo hivyo na utasingizia tangi bure.)

Tangi lina mdomo wa kupigia upepo kama wa tairi. Bonyeza kile kisindano katikati: yakitoka maji ujue mpira umepasuka, hapo ni kubadilisha tangi tu. Ikitoka hewa kidogo au isipotoka kitu, limeishiwa upepo. Langu liko nje ya boila, nikazima kila kitu, nikaacha ipoe, nikatoa maji mpaka geji ikasoma sifuri (hii usiruke, ukipima tangi huku maji bado yana presha utapata namba ya uongo), nikalipiga upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka bar 1, namba ya kwako itakuwa imeandikwa kwenye tangi au kitabu cha boila. Nikajaza maji, nikatamba. Baada ya wiki tatu likarudia, safari hii nikabonyeza yakatoka maji. Fundi akaweka tangi jipya na akabadilisha na valvu ya usalama, anasema ikishafunguka mara nyingi uchafu unakaa kwenye kiti chake, pale inapokalia ikijifunga, na haifungi tena vizuri. Nilitaka kubisha nikakumbuka stori ya mvua, nikanyamaza.

Sasa hasara ya ubishi wangu. Kila ukiongeza maji mapya unaingiza oksijeni, inakula chuma ndani ya rejeta, unapata tope jeusi. Rejeta zangu mbili zikawa na moto juu, chini baridi kabisa, hilo ni tope. Ikiwa kinyume, juu baridi chini moto, hiyo ni hewa tu, zima mfumo, shika kitambaa na kifunguo chake, legeza kile kivalvu cha hewa juu ya rejeta mpaka upepo uishe yaanze kutoka maji, funga, kisha cheki presha. La kwangu lilitaka kusafisha mfumo mzima na kuweka dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndo iliuma mfukoni kuliko tangi.

Kama geji yako haipandi sana wakati wa moto ila inashuka polepole tu, hapo kweli unavuja. Zima boila, funga valvu za chini yake zinazoenda kwenye rejeta na zinazorudi, acha usiku kucha. Presha ya boila ikishuka, maji yanavuja ndani ya boila. Ikitulia halafu ikaanguka ukifungua, tafuta kwenye mabomba.

Na mfuniko wa boila ya gesi usifungue, hata kama tangi lako liko ndani yake, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Gesi ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayoua, na haina harufu wala rangi. Ukiona moto unawaka njano badala ya bluu, au watu nyumbani wanaumwa kichwa na kizunguzungu ambacho kinaisha wakitoka nje, zima, fungua madirisha, tokeni wote ndo upige simu.

Mkuu funga mfuko kwenye hicho kibomba cha nje leo usiku, piga picha ya geji kabla haijawaka na nyingine baada ya nusu saa ya moto, weka hapa tuone.