Nyigu kwenye Upenu: Ngoja Giza Liingie

Kuna dada ameniandikia kutoka Urambo. Nyigu wamejenga juu ya mlango wa choo cha nje, mtoto keshang'atwa shavuni, na shemeji yake anataka kuwachoma kwa kijinga cha moto. Choo chenyewe kimeezekwa nyasi! Ananiuliza amruhusu? Dada yangu, ficha kiberiti kwanza, halafu tuongee.

Sisi tunaojenga kidogo kidogo tunajuana. Unaezeka, unahamia, siling utapiga Mungu akijalia. Nyumba yangu hapa Ipuli niliihamia hivyo hivyo, na nyigu nao wakahamia. Nilipopata hela ya siling nikampa fundi advansi. Akaweka ngazi, akapanda, akakiona kiota kwenye kenchi pale zinapotokeza barazani, akashuka. Akasema anafuata dawa dukani. Mpaka leo yuko dukani. Fundi, kama unasoma hapa, siling ilishapigwa na mwenzako, na ile hela bado naidai.

Basi kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja ananiambia niloweke matambara kwenye petroli, mwingine maji ya moto. Vijana wa jirani wao walishaanza kurusha mawe, wanakimbia, wanatuachia sisi nyigu wenye hasira. Na wapo waliocheka kwamba mwanamke hawezi kazi hiyo, nasikia bado wapo.

Baba mdogo, anayerina asali huko Sikonge, ndiye peke yake aliyenipa neno la maana. Watu wa Tabora tumekulia kwenye asali, tunadhani anayewajua nyuki amewajua na nyigu. Nyuki ukimpulizia moshi anakimbilia kujaza tumbo asali, anapoa. Nyigu hana akiba ya asali ya kukimbilia; moshi wako utamtoa nje tu. Halafu nyuki akikudunga, mwiba unabaki kwako na yeye anakufa. Mwiba wa nyigu hauna vijino vya kunasa. Anadunga, anachomoa, anadunga tena.

Kwa hiyo nilikaa mbali kwanza, mchana, nikatazama. Kiota ni cha kijivu, upana wa kiganja, kimening'inia kwa kikonyo chembamba kama njiti ya kiberiti. Vyumba viko wazi kwa chini, ndani unaona vichwa vya mabuu vikichezacheza. Nyigu mmoja alikuwa anakwangua mbao ya papi. Wanazitafuna zile nyuzi na mate, ndiyo karatasi ya kujengea. Mwingine akarudi na kidonge cha kijani mdomoni. Kiwavi, keshasagwa, akaanza kuwagawia watoto. Kiwavi huyo angekuwa kwenye mchicha wangu! Ndiyo maana kiota cha kwenye mwembe, kule mwisho wa uwanja, sikukigusa, na wewe cha mbali na njia usikiguse. Wale wanaofinyanga udongo ukutani nao waache, wanawinda buibui na ni nadra kumdunga mtu.

Cha barazani nilikitoa usiku. Giza likishaingia na baridi kidogo, wote wako nyumbani na hawana nguvu ya kuruka. Nilivaa jinzi, shati la mikono mirefu, glavu, soksi nimezivuta juu ya suruali, na kofia ya wavu ya baba mdogo. Watoto ndani, mlango umefungwa. Tochi niliiweka chini, pembeni, kwa sababu nyigu hufuata mwanga, na ukiishika usoni wanakufuata wewe. Bomba la kupulizia bustani nililijaza maji ya sabuni, mazito, nikasimama kando ya kiota, si chini yake, nikapuliza mpaka kikalowa chote. Sabuni inaziba vitundu vya pumzi vya ubavuni mwao. Wakadondoka. Nikaingia ndani. Asubuhi nikakwangua kiota na kikonyo chake.

Nilifanya nikiwa nimesimama ardhini. Kama chako kinahitaji ngazi gizani, mlipe mwenye vifaa. Na bomba lililotumika kupulizia dawa shamba la tumbaku usilitumie nyumbani.

Lakini ndugu zangu, kwa nini tungoje mpaka kiwe kiganja? Mvua zikianza, zungukia upenu kila wiki. Kiota cha nyigu mmoja au wawili unakiangua jioni kwa fimbo ndefu, kazi imekwisha. Tunahesabu mabati na tofali, upenu hatuutazami. Embe zinaoza chini ya mti, nyigu wanakunywa utamu wake, halafu tunalalamika. Okoteni embe! Pipa la taka lifunikwe. Mtoto asinywe soda ya chupa iliyoachwa wazi nje, nyigu anaingia humo.

Akishang'atwa, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, na kama ni kidole vua pete mapema. Wengi huishia kwenye uvimbe na maumivu. Ila ukiona midomo au ulimi unavimba, vipele mwili mzima, anahema kwa shida, kizunguzungu, au amedungwa mdomoni au mara nyingi, hapo ni pikipiki na hospitali muda huo huo. Kitunguu mtampaka akirudi.