Anza na ndege mdogo: kwa wanaojifunza kuunda viumbe vya Dwarf Fortress

Karibu kila anayeanza hutaka kuunda joka. Achana nalo kwanza, umuunde ndege mdogo: ana mistari michache, na ndani yake utakuta karibu kila kitu unachopaswa kujua.

Viumbe vya Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, ambamo unaongoza vibete wanaojenga ngome, vimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida. Mtafute shomoro, msome mstari kwa mstari, kisha mnakili na umgeuze polepole. Tuseme unamtaka chozi, yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda anayefyonza mbochi wa maua.

Anza na ukubwa. Mchezo hupima mwili kwa sentimita za ujazo: binadamu 70,000, kibete 60,000. Chozi wengi wana gramu kama 10 tu, basi andika 10. Usimkuze ukidhani ataonekana vizuri zaidi.

Palipo na uzito hasa ni hapa: awe mnyama kamili, au umweke kwenye kundi la wanyama wadogo wasumbufu, pamoja na panya na wadudu? Shomoro wa mchezo yuko kundi hilo, nami nakushauri umwache chozi wako humo humo. Huko hunaswa kwa mtego mdogo, na paka humuwinda akampelekea mwenye paka mzoga. Ukimtoa, mchezo utaanza kufuatilia mifupa, viungo na majeraha ya kila mmoja, na kundi zima likitua ngomeni kompyuta italemewa. Ukitamani chozi jitu, usimguse huyu. Tengeneza wa pili anayerithi sifa zake, kisha umwekee badiliko la GIANT.

Usipuuze PREFSTRING, maneno yanayoeleza kwa nini kibete fulani anampenda kiumbe huyo. Mtazame chozi halisi kwenye ua la mgomba au mkwaju kabla hujaandika. Rangi yake inavyobadilika akigeukia jua ndiyo inayostahili kuandikwa hapo.

Mstari wa kwanza wa faili uwe jina la faili lenyewe, bila .txt. Makazi yaandikwe SAVANNA_TROPICAL, yaani savana ya tropiki. Asipotokea, soma kwanza errorlog, faili ambalo mchezo huandikia makosa, sahihisha, kisha uumbe dunia mpya, maana dunia ya zamani hubaki na viumbe iliyoumbwa navyo.