Maswali na Majibu: Matawi ya Kizimba cha Kinyonga

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja, matawi, nami nimefurahi. Kinyonga wa kufugwa hana ardhi nyingine. Juu ya tawi ndiko anakotembea, anakowinda, anakoota joto na anakolala.

Assalaam alaykum. Nina dume la kinyonga wa Yemen. Karibu na nyumba yetu pana miti mingi, je, nikate wowote? (Msomaji, Maskati)

Waalaykum salaam. La, usikate wowote. Mti usioujua jina uache, hata ukiwa na matawi mazuri namna gani. Hapo kwenu wa kwanza kuuogopa ni oleanda, ambao Waarabu huuita difla. Unapandwa kando ya barabara kwa ajili ya maua yake, na huota wenyewe kwenye mawadi, yaani mabonde ya mito inayokauka. Kila sehemu yake ina sumu ya moyo: jani, ua, gome na mti wenyewe. Epuka pia mnyaa na jamaa zake wote wenye utomvu mweupe unaowasha macho na ngozi. Misonobari na mierezi nayo iache, kwa ajili ya ulimbo na mafuta yake makali.

Kwako jambo hili ni zito zaidi, maana kinyonga wa Yemen hali wadudu tu. Hutafuna majani pia, kwa hiyo kilichomo ndani ya mti kinaweza kuishia tumboni mwake.

Tafuta mpera, mforosadi, haibiskasi au mzabibu. Mpera naupenda kuliko yote, kwa kuwa mti wake ni mgumu na hauozi upesi. Kisha uliza kama mti huo umepigwa dawa. Bustani za manispaa na mashamba ya mitende hunyunyiziwa dawa za wadudu, na kuosha gome hakuondoi dawa iliyokwisha kunywewa na mti.

Nilinunua vijiti laini vilivyopigwa msasa, lakini kinyonga wangu anateleza. Tatizo ni yeye au vijiti? (Msomaji, Birmingham)

Vijiti. Vidole vya kinyonga vimeungana kwa mafungu mawili, viwili upande huu na vitatu upande ule, na mguu hubana kama koleo. Koleo hilo linahitaji gome la kushika. Mpe matawi yenye magome yake, na yatofautiane unene: mengine ya penseli, mengine ya kidole gumba chako. Akikanyaga unene mmoja siku zote, miguu yake hubanwa mahali palepale. Msasa utumie kwenye ncha kali tu, na miiba ikate kabisa. Usipake rangi wala vanishi.

Shikamoo. Huku theluji imejaa, jua la kukaushia matawi hakuna. Nimesikia watu huyaoka kwenye oveni. Ni salama? (Msomaji, Minneapolis)

Marahaba. Ni salama ukikaa hapohapo jikoni. Lakini oveni si hatua ya kwanza.

Anza kwa kulikagua tawi. Likibonyea kwa kidole, likinuka uozo, au likiwa na vitundu vinavyomwaga unga wa mbao, litupe, kwa kuwa wadudu wamo ndani. Lenye mvungu nalo liache au uuzibe, maana nyenje unaomlishia watajificha humo mchana, kisha usiku watoke wamng'ate kinyonga akiwa amelala.

Lililofaulu lisugue kwa brashi ngumu na maji ya moto bila sabuni. Kisha lioke kwa nyuzi 120 za Selsiasi, yaani 250 kwa oveni yako ya Farenhaiti, kwa saa moja hadi mbili kulingana na unene. Lisiguse kuta wala vyuma vya moto, na usitoke nyumbani. Maikrowevu usijaribu, kwani kijiti kinaweza kuwaka kutoka ndani.

Tawi refu lisiloingia kwenye oveni limwagie maji yanayochemka pande zote, mara mbili tatu. Wengine hutumia jiki, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, kwa nusu saa. Inafaa, ila usiichanganye kamwe na siki. Baadaye liloweke kwenye maji safi, ubadilishe maji, kisha ulikaushe mpaka harufu iishe kabisa. Pua yako ikihisi klorini, bado halijawa tayari. Lisipokauka vizuri, litaota ukungu ndani ya kizimba chenye unyevu.

Vigogo vilivyotupwa na bahari ufukweni vinafaa? (Msomaji, Dubai)

Kwa kinyonga sivipendi. Vina chumvi inayohitaji siku nyingi za kulowekwa na kubadilishiwa maji, na bahari imeshakula gome lote.

Tawi la juu nimelisogeza karibu na taa ili apate joto, lakini kichwani ametokea doa jeusi. (Msomaji, Toronto)

Huenda ameungua. Zima taa hiyo sasa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Joto hupimwa pale undu wake, yaani kishungi cha juu ya kichwa, unapofika akiwa amesimama, kwa sababu ndio ulio karibu zaidi na taa. Kama ni kinyonga wa Yemen aliyekomaa, nyuzi 29 hadi 32 zinatosha. Tawi nalo lifunge kwenye fremu kwa skrubu au kamba za plastiki za kubana, kisha ulisukume kwa mkono. Likicheza, funga upya, maana kinyonga akianguka anaweza kuvunjika mfupa.

Nimemwokota kinyonga shambani, wadogo zangu wanamwogopa. Nimkatie matawi nimfuge? (Msomaji, Lushoto)

Usimfuge, ndugu yangu. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Waambie wadogo zako kwamba hana sumu. Mwekee kijiti mbele ya miguu apande mwenyewe, usimvute mkia, kisha umrudishe kwenye kichaka kilekile ulikomkuta.