Kikapu Mombasa: anzieni kwenye ringi

Kaka, umeuliza kwa nini Mombasa, iliyokuwa ikitisha kwa mpira wa kikapu, sasa imefifia. KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, bado wapo ukumbini Makande. Kinachokufa ni viwanja vya mitaani. Upepo wa chumvi hula nati, ringi huinama mbele, na mtoto huzoea kurusha chini kuliko inavyotakiwa. Siku ya mechi mpira unagonga chuma tu. Halafu hiyo mistari! Ule wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75 mwaka 2010. Penye rangi ya zamani mtoto bado anajipimia nusu mita karibu. Fungeni nati za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi. Fundi akipanda, apime kwa tepu: sentimita 305 kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa ringi.